Pikapu ya Marehemu Olmedo Toapanta na Zawadi ya Kompadre Wake

Baba Padre, ndugu wafiwa, majirani wa Picaihua na nyote mliokesha nasi katika ua huu tangu juzi, mimi ni Targelia Toapanta, dada mkubwa wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake kwa sababu wifi yangu Piedad hana sauti tena ya kusoma, na kwa sababu, kama mnavyonijua, mimi sina haya.

Marehemu Olmedo Abdón Toapanta Chicaiza alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 papa hapa Picaihua, mtoto wa pili wa mzee Abdón na mama Rosario, katika kibanda cha mabati, kwa kuwa nyumba ilikuwa imeangushwa na tetemeko la mwaka 1949 na baba alikuwa bado hajainua kuta, hivyo kitu cha kwanza alichokiona duniani kilikuwa bati, na mama alikuwa akisema kwamba alilitazama kwa kulikagua.

Alianza shule ya msingi ya parokia mwezi Oktoba 1957, akamaliza darasa la sita mwezi Julai 1963, akiwa mwanafunzi wa kawaida isipokuwa kwa jambo moja, kwamba hakuweza kuvumilia kitu kilichofanywa ovyo, hata akakataa kukaa kwenye dawati lililogongewa misumari upande, mwalimu akamwadhibu asimame muhula mzima, naye akasimama muhula mzima na kusema ni afadhali.

Mwezi Februari 1966, akiwa kijana wa miaka kumi na minne, aliingia mjini Ambato katika karakana ya kuunda mabodi ya mabasi, akaanza kwa kufagia vumbi la chuma, akapanda hadi kuwa fundi wa kunyoosha bati, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2008, na wenzake wa karakana, ninaowaona pale karibu na tangi la maji, ni mashahidi wa ulimi wake. Kitu alichokichukia Olmedo kuliko dhambi zote kilikuwa pati, ile rojo inayojazwa kwenye tundu la kutu, ikikauka ikalainishwa kwa msasa, ikapakwa rangi juu ili mnunuzi asijue. Alikuwa akipita kando ya basi jipya na kugonga bati kwa kifundo cha kidole, akisikia mlio butu anatema mate chini na kusema, "Hapa kuna uji. Mmewapikia abiria uji." Wengine walimwona ana majivuno, lakini mimi nilimwelewa, maana kinyaa tulikirithi sote kwa mama, aliyeweza kumwaga chungu kizima cha supu kwa ajili ya unywele mmoja.

Tarehe 20 Agosti 1977 alifunga ndoa na Piedad Yucailla katika kanisa la hapa, wakajaliwa watoto wawili, Lourdes aliyezaliwa mwaka 1979 na Edison aliyezaliwa mwaka 1983, nao wote wako hapa leo.

Mwaka 1996 marehemu aliikuta katika shamba la mipeasi huko Cevallos pikapu ndogo, Datsun 1200 ya mwaka 1974, haina sakafu, haina kioo cha mbele, na kuku wametotoa ndani ya kabini, akaichukua kwa kumtoa mtamba wake wa pekee, na siku hiyo Piedad alimwambia maneno manne tu, "Mtamba alikuwa na mimba," kisha hakumsemesha tena hadi Pasaka. Kwa miaka kumi na mitatu gari lile lilikaa katika ua huu huu, chini ya paa la plastiki, likitengenezwa kila jioni na kila Jumapili baada ya misa, akikata kutu yote hadi kwenye chuma kizima, akigonga sakafu mpya kwa nyundo juu ya gogo la mkaratusi, akiunda milango, akiunda karai la nyuma la kubebea mizigo, na injini akaifungua juu ya meza ya kulia chakula, tukawa tunakula viazi vyetu vya kuponda vyenye harufu ya petroli. Hakutaka kulibadilisha chochote, alitaka lirudi kama lilivyotoka kiwandani, rangi ya maziwa, vioo vyake viwili vidogo, basi. Nilipomuuliza kama ataweka redio alinijibu, "Nitaweka breki, dada."

Lilikamilika mwezi Novemba 2009, na nasema bila kuogopa mtu kwamba halikuwapo gari safi zaidi ya lile kutoka hapa hadi Riobamba. Mama yetu alipofariki tarehe 9 Februari 2011, Olmedo alilaza jeneza lake katika karai lile, akafungua mlango wa nyuma likatosha sawasawa, akampeleka makaburini kwa mwendo wa mtu anayetembea, na jioni ile akaniambia, "Na mimi mnibebe humuhumu, dada, msinitafutie gari la kukodi lenye mapazia." Hilo ndilo ombi pekee alilowahi kuniomba ndugu yangu maishani, na ndilo lililotukosesha usingizi siku hizi mbili, kwa sababu ambayo sasa naifikia.

Kwetu hapa gari lililofufuliwa halitembei bila ubatizo, na ubatizo hauwi bila baba wa ubatizo, ambaye tangu siku hiyo anakuwa kompadre wa mwenye gari, ndugu asiyejibiwa kwa ukali, na baba huyo hudaiwa zawadi kwa mtoto wake, na zawadi hiyo haikataliwi, wala haiondolewi kwa mkono mwingine wowote isipokuwa wake. Marehemu alimchagua jirani yetu Fausto Pilamunga. Fausto mnamfahamu, ndiye mwenye karakana pale kona, anayeyavisha magari ya vijana mabawa ya plastiki, taa za rangi na maspika, kazi ambayo Olmedo hakuweza kuitazama akiwa hajala. Lakini Fausto huyo huyo ndiye aliyemwazima mashine ya kuchomelea kwa miaka yote ile kumi na mitatu bila kudai hata mshumaa, na kumchagua mtu mwingine kungekuwa tusi, hivyo marehemu akajifunga tai, akabeba kikapu cha viazi vya kuchemsha na simbilisi wanne wa kuokwa kama desturi inavyotaka, akaenda kubisha. Mwezi Januari 2010 gari likabatizwa mbele ya Bikira Maria kule Baños, Fausto akalimwagia divai kwenye bonneti, akamkumbatia ndugu yangu na kusema, "Zawadi yangu itakuja, kompadre, na itakuwa kubwa!" Miaka ikapita zawadi haijaja, na Olmedo akawa anamshukuru Mungu kimyakimya.

Mwezi Oktoba 2022 marehemu alianza kukohoa, na daktari wa Ambato akasema kwamba mapafu yamekuwa magumu kwa vumbi la chuma la miaka mingi, akalazwa Quito kuanzia tarehe 20 Machi hadi tarehe 12 Mei 2023. Ilikuwa katika majuma hayo ambapo Fausto alikuja kwenye geti hili, kofia mkononi, akamwambia wifi yangu, "Komadre, niazime funguo. Nataka nimsafishie kompadre kigari chake, akirudi akikute kinang'aa." Piedad akampa. Nani asingempa?

Tulimrudisha Olmedo tarehe 12 Mei saa tisa alasiri, tukimshika mikono, na gari lilikuwa pale getini likimngoja. Padre anisamehe, ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Ile rangi ya maziwa ilikuwa imefunikwa na miali ya moto ya zambarau kutoka taa za mbele hadi milangoni. Springi zilikuwa zimekatwa hadi tumbo likakaribia kugusa lami, magurudumu yametokeza nje mapana, juu ya kabini limebandikwa bawa, sijui liruke kwenda wapi, ndani dashibodi imevikwa manyoya meupe ambayo tayari yalishaanza kunuka jasho, na chini kuna taa za waridi zinazowaka na kuzimika kama mlango wa danguro. Na lile karai, karai aliloligonga kwa nyundo juu ya gogo, lilikuwa limejazwa sanduku moja la chuma lililochomelewa pande zote nne, ndani yake spika kumi na mbili. Fausto alikuwa amesimama kando yake akilia kwa furaha, akabonyeza honi, honi ikalia kama ng'ombe dume. "Nimelala humo majuma matatu, kompadre," akasema, "sikugusa kazi ya mteja yeyote. Zawadi yako hiyo!" Na kweli hakusema uongo, aliifanya kwa mapenzi yote aliyo nayo, na hilo ndilo linalonichefua zaidi, maana ubaya wa adui hata ungetemewa mate, lakini huu tulipaswa kuupigia makofi.

Marehemu akasema, "Mungu akulipe, kompadre." Kisha akazunguka nyuma ya tangi la maji akatapika, nami nikamshika paji la uso. Tuliwaambia watu ni dawa.

Tangu siku hiyo alikaa uani kila asubuhi akiota jua, kiti kimeligeuzia gari mgongo. Mwezi Septemba nilimwambia, "Niruhusu mimi nimwambie Fausto." Akanijibu, "Ukimwambia, dada, aibu itaniua kabla ya mapafu." Nikasema, "Basi mwache Edison alikate hilo sanduku usiku, tuseme limeibwa." Akasema, "Zawadi ya kompadre haikatwi na mwingine. Labda aikate mwenyewe." Nikamuuliza, "Sasa atajuaje kama haambiwi, we Olmedo? Mficha uchi hazai!" Naye akacheka hadi akakohoa, akasema, "Ndiyo maana nakufa taratibu. Nampa muda."

Muda haukutosha. Marehemu alifariki hapa nyumbani tarehe 3 Novemba 2023, saa kumi alfajiri, siku moja baada ya Siku ya Marehemu, uji wa zambarau tuupikao siku hiyo ukiwa bado umebaki sufuriani na mkate tuliomwekea marehemu mama ukiwa mezani, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili, ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watano, dada mmoja na gari moja.

Jana Edison alipima jeneza, na jeneza haliingii. Likiwekwa juu ya lile sanduku litakaa hewani kama tangazo la duka, na kona ya kwanza litatuangukia. Tukakaa kikao cha familia, huyu anasema tukodi gari lenye mapazia, yule anasema tumbebe mabegani, na hakuna aliyethubutu kusema jina la mtu tuliyekuwa tukimfikiria sote. Na saa moja jioni mtu huyo akaingia mwenyewe na shada la maua, akamshika Piedad mkono akamwambia, "Usihofu, komadre, nitatangulia na kompadre kwa muziki, hata makaburini watatusikia." Piedad akaitikia kwa kichwa. Mimi nikaenda jikoni nikauma kitambaa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Ambato na wa Quito, ambao walimweleza ukweli bila kuuzungusha, naye aliwapenda kwa hilo. Inawashukuru majirani kwa kuni, kwa kahawa, kwa nguruwe na kwa kukesha, na akina mama waliomenya viazi usiku wote. Inawashukuru wenzake wa karakana ya mabasi waliokuja na fulana zao za kazi, na ambao asubuhi nimewaona wakigonga jeneza kwa vifundo vya vidole, wakaridhika. Inamshukuru Baba Padre kwa kunivumilia.

Na sasa, kompadre Fausto, familia inakushukuru wewe kwa mashine ya kuchomelea ya miaka kumi na mitatu, na natamka hadharani lile ambalo ndugu yangu hakuweza kulitamka kwa heshima aliyokuwa nayo kwako, mimi ambaye si kompadre wa mtu. Zawadi yako ilimtapisha. Alikupenda akaimeza. Alitaka kubebwa katika karai lile kama alivyombeba mama, na mkono pekee unaoruhusiwa kulikata lile sanduku la spika ni wa kwako, na grinda ya kukatia chuma iko juu ya bonneti, waya umeshachomekwa kwangu jikoni. Tumbo likikwaruza barabarani, na likwaruze. Miali ya moto tutaivumilia. Lakini jeneza hili halitoki kwenye ua huu juu ya gari la mtu mwingine, nami nitasimama hapa na karatasi yangu hadi Padre achoke, na Padre ana misa nyingine saa nane.

Haya, kumbe umesimama. Mpisheni njia, enyi watu, msimtazame usoni, ana machozi. Edison, msogezee waya. Mpe na miwani ya kukatia, asiumie macho.

Olmedo, mdogo wangu, pumzika kwa amani, na huo mlio unaoanza huko nje usikushtue, ni kompadre wako anakata.