Anaclet Ilunga, Aliyeitwa Bwana Nimesikia

Wapendwa wa familia, waumini wa misheni, majirani wa mtaa huu wa Kasuku, na ninyi mliovuka mto asubuhi hii kuja kutusindikiza: haya ndiyo maisha ya mchungaji wetu Anaclet Ilunga, kama yalivyoandikwa na mdogo wake Elie kwa niaba ya nyumba yote. Marehemu mwenyewe, akiwa bado na nguvu ya kuongea, alituomba tusimpambe. Alisema sukari aliyonayo mwilini inamtosha, tusimwongezee nyingine siku ya mazishi. Basi tutasema yale yaliyokuwa.

Alizaliwa Kabalo, katika Katanga ya zamani, tarehe 14 Machi 1973, mtoto wa tatu wa Jacques Ilunga, mfanyakazi wa reli, na mama Ngoie. Alichelewa sana kuongea. Mama alishaanza kumpeleka huku na huku kutafuta dawa, mpaka siku moja mtoto akafungua kinywa na kuomba samaki, sentensi nzima, haina kosa. Tangu hapo nyumbani tulijua kwamba Anaclet hana shida ya ulimi, anachagua tu wakati wake.

Masomo ya msingi na ya sekondari aliyafanya palepale Kabalo, akapata diploma yake mwaka 1993. Kutoka 1994 hadi 1997 alisoma shule ya Biblia Lubumbashi. Wenzake wa darasa wanakumbuka kwamba mwalimu akimuuliza swali siku ya Jumatatu, alinyanyua mkono kujibu siku ya Jumanne. Walimcheka, naye alicheka pamoja nao, lakini hakubadilika.

Mwezi wa Mei 1998 kanisa lilimtuma Kindu kuwa mmisionari, msaidizi wa Mchungaji Félicien aliyekuwa akiongoza misheni yetu hapa. Alipanda treni na sanduku moja na godoro lililofungwa kamba. Alikuwa na miaka ishirini na mitano. Kazi aliyopewa ilikuwa kufundisha watoto katekisimu na kutembelea wagonjwa, na aliipenda. Vita vilianza mwezi wa Agosti. Mwezi uliofuata Mchungaji Félicien aliitwa Kinshasa kwenye mkutano wa kanisa, akampa Anaclet funguo zote na shauri moja. Alimwambia asijibu watu haraka. Mtu akileta maneno, amwambie amesikia, kisha aende akalale nayo. Félicien alisema atarudi baada ya wiki mbili. Mji ukaingia mikononi mwa waasi mwezi wa Oktoba, ndege zikakatika, treni ikakatika, na Félicien hakuonekana tena Kindu hadi vita vilipokwisha.

Hivyo ndivyo kijana aliyekuja kufundisha katekisimu alivyogeuka mkubwa wa misheni. Watu waliokimbia kutoka Pangi walilala madarasani. Zahanati haikuwa na dawa. Kila alfajiri baraza lilijaa watu wenye shida, wengi wao wakubwa kuliko baba yake, nao wote walimwita Mukubwa na kungoja aseme neno. Alimwandikia baba barua nyingi ambazo hazikuwa na njia ya kufika. Alitwambia baadaye kwamba miaka ile alikuwa akiamka, ananawa uso, anatoka barazani kama mtu mwenye majibu. Hakuwa nayo. Alikuwa na lile shauri tu, akalishika kwa mikono miwili.

Na kwa muda lilimfaa. Kuna kamanda mmoja aliyekuja kudai jenereta ya misheni. Anaclet alimwambia, "Nimesikia, mon commandant," akaingia ndani. Kamanda akarudi siku nyingine, akaambiwa tena amesikiwa. Aliporudi mara ya tatu na sauti ya juu, akapokewa kwa heshima na kusikiwa vilevile, mpaka akahamishwa kutoka Kindu bila jenereta. Soko zima la Kasuku lilicheka. Ndipo watu walipombatiza Bwana Nimesikia, na waliosema jina hilo walilisema kwa upendo.

Mwaka 2002 njaa ilizidi. Mashamba yalikuwa ng'ambo ya mto, nyuma ya mtaa wa Alunguli, na huko porini kulijaa watu wenye silaha. Mjini watu walikula majani ya viazi asubuhi na jioni, bila mawese na bila chumvi. Mwezi wa pili wa mwaka huo, Mama Françoise, mkubwa wa wamama wa kanisa, alifika barazani pamoja na wenzake, akasema, "Mukubwa, watoto wanalala njaa. Mihogo yetu iko ng'ambo, inaoza mu udongo. Tunaomba kuvuka."

Anaclet alimjibu, "Nimesikia, mama."

Alikuwa na maana kwamba atalifikiria. Alitaka kuuliza kwanza habari za njia kwa wavuvi, alitaka kuomba, alitaka kulala na lile neno kama alivyofundishwa. Lakini wamama walikuwa wamekuja kwa mkubwa, na mkubwa akisema amesikia bila kukataa, hapa kwetu maneno yameisha, amekubali. Walitoka barazani wakamshukuru Mungu. Jioni walipita nyumba kwa nyumba wakisema misheni imeruhusu. Jumanne tarehe 12 Februari walivuka kwa mtumbwi, wamama sita, wakati Anaclet alikuwa ufukweni akiwauliza wavuvi kama njia ni salama. Mvuvi ndiye aliyemwambia kwamba wamama wake wamekwisha kwenda.

Waliorudi ni watatu. Euphrasie na dada yake Odia waliuawa shambani, na pamoja nao Mwanvua, ambaye hakuwa hata wa kanisa letu. Mwanvua alikuwa Mwislamu, jirani wa upande wa pili wa barabara, mke wa Hamidou, fundi wa kushona nguo. Alifuata wenzake kwa sababu alisikia wanakwenda kwa ruhusa. Hadi leo hakuna ajuaye waliowaua walikuwa wa upande gani.

Wazee wa kanisa waliketi Jumamosi kuuliza nani aliwaachilia wamama. Mama Françoise, ambaye alirudi na jeraha la mkono, alisema aliomba ruhusa na akapewa. Macho yote yakamgeukia Anaclet. Alikuwa na mlango wa kutokea, na mlango wenyewe ulikuwa wa kweli: hakuruhusu, alisema amesikia tu. Wazee wawili walishaanza kumfungulia. Yeye alisimama akasema, "Nilisema nimesikia. Sikusema hapana. Ni mimi njo niliwaachilia." Kisha akaketi, na kikao kikaisha hapo.

Aliwazika Euphrasie na Odia kwa mkono wake mwenyewe, akaimba nyimbo zote hadi mwisho, hakutoa chozi. Watu walimsifu kwa ujasiri wake. Haukuwa ujasiri. Alimwambia mke wake miaka mingi baadaye kwamba moyo wake ulikufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu, na alingoja uchungu uanze kama mguu unavyoanza kuchomachoma ukiamka. Alingoja mwaka ule na uliofuata. Aliendelea kuhubiri, kugawa uji, kuzika watu, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba mtu mwenyewe hayupo.

Kwa Hamidou alikwenda kutoa pole siku ya tatu. Alimkuta ameketi kwenye mkeka na wazee wa msikiti. Hamidou alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia, "Bibi yangu alienda sababu walisema mukubwa ameruhusu. Mimi sina maneno na weye." Hapakuwa na matusi wala ugomvi. Aliyekuwapo angedhani ni msamaha. Lakini tangu siku ile Hamidou hakumpa Anaclet neno lingine. Cherehani yake ilikuwa barazani, ikitazama lango la misheni, na kila asubuhi Anaclet akitoka alivuka barabara akamwambia, "Salaam aleikum, Mzee Hamidou." Fundi alikanyaga cherehani yake bila kuinua uso. Anaclet alingoja kidogo, akaenda zake. Hakuna kitu duniani alichokitaka kama kuitikiwa ile salamu.

Vita vilipokwisha, Félicien alirudi mwaka 2003, mzee na mgonjwa, nalo kanisa likampa Anaclet uongozi wa misheni kwa barua rasmi. Walimpa pia nafasi ya kuhamia Kabalo, karibu na ndugu zake. Sisi wa nyumbani tulimsihi akubali. Alisema akiondoka, Hamidou ataona kwamba amekimbia. Tulimkasirikia, na mama alikufa hajaacha kumkasirikia.

Alifungua tena shule ya msingi, akapaka zahanati chokaa, akatuma wainjilisti vijana Pangi na Kampene. Neno lake la zamani hakulisema tena. Mtu akimuuliza jambo, alijibu ndiyo au alijibu hapana, palepale, na akikosea alikuja mwenyewe kwako kusema amekosea. Wengi walimwona mkali. Wainjilisti vijana aliowatuma kuhubiri mashimoni kwa wachimbaji wa dhahabu aliwaambia kwamba watu wenye shida hawaombi busara zao, wanataka kujua waende au wasiende. Jina la Bwana Nimesikia lilikufa polepole, na waliozaliwa baada ya vita hawalijui.

Alifunga ndoa na Victorine Safi, mwalimu wa darasa la tatu, Jumamosi tarehe 9 Julai 2005. Victorine hapendi tuseme, lakini yeye ndiye aliyeuliza. Alichoka kutembelewa kila Jumapili na mtu anayeketi na kunywa chai, akamuuliza, "Unanitaka ao hunitaki?" Anaclet akajibu ndiyo kabla hajamaliza. Victorine anasema usiku wa kwanza katika nyumba yao mumewe alilia hadi asubuhi, machozi ya miaka mitatu yaliyokuwa yamekwama, na yeye alidhani amemkosea kitu. Mungu aliwapa watoto wawili, Josiane na Amédée.

Ugonjwa wa sukari ulimpata mwaka 2019. Aliendelea na kazi hadi kidonda cha mguu kilipomlaza, akakabidhi uongozi mwaka 2022. Alipokosa nguvu ya kuvuka barabara, alimtuma Josiane kila asubuhi apeleke ile salamu kwa jina lake. Josiane alirudi akisema ameifikisha. Baba yake hakumuuliza zaidi, kwa sababu cherehani aliisikia kutoka kitandani, na haikusimama. Mwaka huu figo zilishindwa. Aliaga dunia nyumbani kwake Kasuku, Jumanne tarehe 17 Septemba 2024, alfajiri, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Victorine. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Hatujui bado kama tumeelewa kwamba ameondoka. Tunapika, tunapokea watu, tunapanga viti.

Ameacha mjane, Victorine. Watoto wawili, Josiane na Amédée. Mdogo wake Elie na dada wawili Kabalo. Watoto wanne wa marehemu Euphrasie aliowasomesha hadi mwisho, ambao ndio waliobeba jeneza. Na waumini wote wa misheni.

Hayo ndiyo yaliyo kwenye karatasi mlizo nazo mkononi. Kuna jambo moja halimo, kwa kuwa lilitufikia jana jioni na karatasi zilikuwa zimekwisha kupigwa. Tangu Jumanne Mzee Hamidou ameketi chini ya turubai la matanga, kwenye kiti alichokuja nacho mwenyewe kutoka barazani kwake. Cherehani ameifunika. Victorine alimpelekea chai, akainywa. Jana alimwita Elie akamuuliza kama tumemaliza kuandika watu ambao marehemu amewaacha. Elie akasema ndiyo, imeisha. Mzee akasema, "Muniongeze."

Elie alimuuliza amwandike namna gani, maana si ndugu, si muumini, na rafiki tuliogopa kusema. Mzee alionyesha lango la misheni kwa kidole.

"Andikeni jirani," akasema.

Amechelewa, naye anajua kwamba amechelewa. Hatujui kama tufurahi. Tunaomba mwenye kalamu aongeze kwa mkono, chini ya majina mengine: na jirani yake, Hamidou.

Ee Mungu, mpokee Anaclet, umpe usingizi wa amani.