Bingwa wa Sare

Katika soko la Varkaus, mji wa Ufini, nje ya hema la kahawa, kuna benchi ambalo halijawahi kumsifu mtu aliye hai. Asubuhi hiyo lilikuwa na wazee watatu: Pentti, aitwaye Msumeno kwa miaka yake ya kupasua mbao; Kaarlo, aitwaye Profesa kwa sababu ndiye anayenunua gazeti; na Reino, aitwaye Sare. Jina hilo Reino alilipata ujanani, siku Aulis Torvikoski, bingwa mkuu wa sataranji, alipokuja mjini kucheza na watu ishirini kwa mpigo. Kumi na tisa walifungwa. Reino alitoka sare, na kwa miaka arobaini heshima yake yote sokoni imekaa juu ya sare hiyo.

Gazeti lilisema Torvikoski amestaafu.

— Amestaafu nini? Msumeno aliuliza. Kazi yenyewe ni kukaa.

— Michezo elfu mbili, Profesa alisoma chini ya picha. Zaidi ya nusu, sare.

— Mwoga yule, alisema Reino. Mpinzani akikohoa tu, yeye anaomba amani.

— Simba mwenda pole ndiye mla nyama, alisema Profesa. Huyu alikwenda pole mpaka nyama ikaoza.

— Sauna ndiyo iliyommaliza, alisema Msumeno. Saa mbili nzima kwenye mvuke kabla ya kila mchezo. Ubongo unaiva kama yai.

— Sauna wapi, bwana, alisema Reino. Waswidi walimnunua asishinde.

— Walipoteza hela zao, alisema Msumeno. Kutoshinda alikuwa anakugawa bure kwa kila mtu.

— Basi nikwambieni kweli, Profesa alishusha sauti. Walikuwa mapacha. Mmoja alijua kuanza mchezo, mwenzake kuumaliza. Yule wa kumaliza akafa mapema.

Reino alicheka kuliko wote. Mahojiano yenyewe yalikuwa ukurasa wa ndani, na tangu aketi alikuwa amelalia gazeti kwa kiwiko, lisifunuliwe.

Akaja mwanamke mgeni na ndoo ya samaki wadogo, akaomba nafasi, akaweka kikombe chake.

— Wazee, gazeti mmemaliza?

— Chukua tu, dada, alisema Profesa, akalivuta kutoka chini ya kiwiko.

Mwanamke akafunua, akasoma kimya, kisha akatabasamu.

— Kumbe mji wenu umo humu. Sikilizeni: “Mchezo nisioweza kuusahau niliucheza Varkaus. Kijana mmoja wa kiwandani alikuwa amenibana. Farasi wake angesogea mara moja tu, mfalme wangu amekwisha. Nilikuwa nainua mkono nikubali kushindwa. Akaniwahi. Akaomba sare.”

Msumeno alimgeukia Reino polepole.

— Sare.

— Naam.

— Ile hatua ya farasi uliiona?

Reino alikitazama kikombe chake. Angeweza kusema hakuiona. Mtu kutoona si aibu.

— Niliiona.

— Ni wewe, mzee? aliuliza mwanamke, bila kejeli hata kidogo. Sasa mbona hukuicheza?

Reino aliuona tena ule mraba mtupu ambao farasi wake angeukalia, na uso wa mtu mashuhuri aliyeinama juu yake akisubiri. Akangoja benchi limcheke, kama linavyomcheka kila mtu.

Hakuna aliyecheka.