Mpira Uliobaki Zizini

Mchungaji, wazee wa ukoo wetu wa Jwarha, wakwe zetu, wachezaji wenzake marehemu mliosafiri tangu alfajiri, na majirani wa Ntlambeni mlioacha mahindi yenu shambani, familia ya Mjekula inawashukuru kwa kufika, na kabla ya jeneza kuinuliwa inaomba iwasomee maisha ya ndugu yetu Zandisile, ambayo wengi wenu mnayajua kuliko karatasi hii, isipokuwa jambo moja. Jambo hilo mmekuwa mkiliuliza kwa miaka thelathini, uwanjani, redioni na hata kwenye foleni ya benki: ni nani aliyemfundisha Zandisile ule mpira wake wa polepole? Leo mtajibiwa, kwa kuwa mwenye jibu alitoa ruhusa juzi Alhamisi, lakini tutaanza mwanzo kama desturi inavyotaka, na Titshala Sontshi, ambaye tunamwona pale mbele na tai yake ya klabu, tunamwomba atuvumilie.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Oktoba 1966 hapa hapa Ntlambeni, nje kidogo ya mji wa Alice, akiwa kitinda mimba wa Tata Falithenjwa Mjekula na mama yetu MaDlomo, ambaye alifariki mwaka 1974, akamwacha mtoto huyu mikononi mwa baba mkali, mwenye maneno machache na ng'ombe wengi. Kaka yake mkubwa, Mkhuseli, alikuwa mgodini Carletonville, akionekana nyumbani Krismasi na Pasaka tu, kwa hiyo kijana alikua peke yake na gongo alilolichonga kwenye ubao wa ua, katika kijiji ambacho watu hucheza kriketi tangu enzi za mababu na mshindi wa mashindano ya Desemba huondoka na fahali.

Alianza shule ya msingi ya Ntlambeni Januari 1973, akaendelea na sekondari mjini Alice kuanzia 1981 hadi alipomaliza mwaka 1985, na huko ndiko alikokutana na Titshala Sontshi, mwalimu wa hesabu na kocha, aliyemfundisha kutuliza kichwa, kushika gongo kwa adabu na kuvaa viatu. Hayo ni yake Titshala, na hakuna atakayemnyang'anya.

Sasa turudi nyuma kidogo, mwezi Juni 1976, Mkhuseli alipooa binti wa kijiji cha Msobomvu, wa ukoo wa Bhele, ambaye nyumba hii ilimpa jina la Nozolile, yule ambaye nyote mnamwita MaBhele na ambaye leo amekaa kwenye mkeka kando ya jeneza. Aliingia hapa akiwa na miaka ishirini, kitambaa kimeshuka hadi kwenye nyusi, blanketi mabegani, na miiko yote ya makoti, mke aliyeolewa katika ukoo, kichwani: hapaazi sauti mbele ya baba mkwe, hakatizi mbele ya nyumba kubwa, na zizini mwa ng'ombe haingii, hata kama kuna kitu chake kimeangukia humo. Mume akarudi mgodini baada ya wiki mbili, na bibi harusi akabaki na baba mkwe asiyesema na shemeji wa karibu miaka kumi asiyenyamaza.

Zandisile alihitaji mtu wa kumrushia mpira, na mtu pekee aliyekuwepo alikuwa jikoni akipika mahindi na maharage.

"Shemeji, nirushie mmoja tu."

"Nina chungu motoni."

"Mmoja. Au unaogopa?"

"Mimi? Nimwogope mtoto mwenye makamasi? Simama pale."

Alichokuwa hajui mtoto ni kwamba baba yake makoti alikuwa mrushaji wa Msobomvu asiyejaliwa mtoto wa kiume, na kwamba binti huyo alikuwa amerushiana naye mpira tangu alipoanza kushika kitu mkononi. Wakasimamisha debe la mafuta ya taa badala ya vijiti ambavyo mrushaji hulenga, wakaweka jiwe upande wa pili, na kila Tata Falithenjwa alipokwenda dukani au kwenye baraza, debe lile lililia mpaka kuku wakahama ua.

Zizi, kama mnavyoliona, liko kushoto kwa mtu anayepiga akiwa mbele ya debe, na mtoto yule hakuchelewa kugundua kwamba akiupiga mpira kushoto na juu ukaangukia zizini, makoti atakimbia hadi kwenye ua wa miiba na kusimama pale pale, wakati yeye anakwenda na kurudi kati ya debe na jiwe akihesabu mikimbio kwa sauti.

"Ishirini na moja! Ishirini na mbili! Ingia basi Shemeji, ng'ombe hawaumi!"

"Kimbia tu, utatapika. Mpira huo utaufuata mwenyewe."

Hivyo ndivyo lilivyozaliwa pigo lile la kushoto ambalo miaka mingi baadaye lilivunja vioo vya magari East London. MaBhele aliona amechezewa vya kutosha, akawa anawaza juu ya jambo hilo huku akiteka maji na kupiga udongo sakafuni, na siku moja akaja na mpira wa aina nyingine kabisa, unaotoka mkononi kwa fujo lakini ukifika unachelewa, unadondoka kabla ya wakati, na ukigusa ardhi unageukia kulia, mbali na zizi. Mtoto akapiga hewa, na debe likalia nyuma yake.

"Umefanyaje?"

"Nimefikiri."

"Nifundishe."

"Nitakufundisha ukiniapia kwa mama yako aliyelala pale kwamba hutamwambia mtu, maana Tata akisikia, narudishwa kwetu Msobomvu nikalete ng'ombe wa kuombea radhi."

Akaapa. Alikuwa mtoto, hakujua uzito wa alichokibeba.

Mungu aliwasaidia kwa namna moja, kwa kuwa Tata Falithenjwa alikuwa na kikohozi kibaya kilichomshika kila alipokaribia nyumbani, pale chini kwenye mishubiri, kikohozi kirefu kilichosikika mpaka jikoni, na kabla hajafika juu mpira ulikuwa chini ya aproni, debe limerudi ukutani, na makoti anakoroga chungu macho yameinama. MaBhele alimhurumia mzee, akawa anamchemshia umhlonyane kila jioni, majani yale machungu ambayo hata mbuzi huyakataa, na mzee alikunywa kikombe chote amefumba macho, akasema asante, mwaka baada ya mwaka.

Kuanzia 1986 marehemu aliajiriwa katika duka la vifaa vya ujenzi King William's Town, akiichezea Ntlambeni kila Jumamosi, hadi tarehe 3 Agosti 1992, milango iliyokuwa imefungwa kwa watu wa rangi yetu ilipofunguliwa, akatia saini na timu ya jimbo kama mchezaji wa kulipwa, anayepiga na kurusha kwa viwango sawa. Tata Falithenjwa alidhani ni utani, mtu mzima kulipwa mshahara kwa kucheza, akawa anauliza kila mwisho wa mwezi kama wazungu bado hawajashtuka.

Mliomwona mnajua alivyokuwa: anakuja mbio, mpira wa kasi, wa kasi, wa kasi tena, halafu kwa mkono ule ule anauachia ule wa polepole, na mpigaji, aliyekwisha kumaliza kupiga, anasimama akiutazama unapita kando ya gongo lake na kuangusha vijiti bila haraka yoyote. Waandishi walimuuliza kafundishwa na nani, akajibu, "Mtu wa nyumbani." Alipokwenda Lancashire kuchezea klabu moja majira ya kiangazi ya 1995 na 1996, Waingereza walimnunulia bia wapate kumlegeza ulimi, akanywa bia, akajibu, "Mtu wa nyumbani," wakadhani ndio unyenyekevu wa Waxhosa.

Tarehe 17 Desemba 1994 alimuoa Thembakazi, na Mungu akawajalia watoto wawili, Lubabalo aliyezaliwa 1995 na Sisipho aliyezaliwa 1998. Hata mkewe hakuambiwa. "Mimi si mtu wa nyumbani?" alimuuliza mara moja kwa hasira ya kweli, naye akamjibu, "Wewe ulikuja baadaye," na Thembakazi anasema hakumpikia siku mbili.

Julai 1998 Tata Falithenjwa alifariki, na matanga yalipokwisha Zandisile alikwenda jikoni kwa MaBhele akiwa na tumaini kubwa.

"Shemeji, Tata ameondoka. Niachie nilitaje jina lako."

"Tata ameondoka, lakini zizi lake lipo."

"Watu wananipigia makofi yasiyo yangu."

"Basi nigawie nusu, kimya kimya. Nimekula chakula cha mzee yule huku nikimzunguka nyuma ya mgongo wake, na yeye ananiita mwanangu. Leo ndio mimi ninayewafundisha hawa mabibi harusi heshima. Nitawatazamaje?"

Aliumia, hatutaficha. Mwaka 2001 alipotunukiwa tuzo ya jimbo, mtangazaji alimwinua Titshala Sontshi akimtaja kuwa ndiye chimbuko la mpira ule, na Titshala hakusema uongo wowote, alikubali tu kupongezwa, wakati marehemu akitazama sakafu na MaBhele, kiti cha nyuma, akipiga makofi kuliko ukumbi mzima. Kila Krismasi baada ya hapo marehemu alimuuliza shemeji yake tena, na kila Krismasi alikataliwa na kuongezewa nyama.

Alistaafu kucheza Machi 2004, akafundisha vijana wa jimbo hadi tarehe 2 Machi 2022, alipopatwa na kiharusi kilichochukua upande wake wote wa kulia, mkono ule ule mnaoujua, na yeye na Thembakazi wakahamia hapa ambako MaBhele, mjane wa Mkhuseli tangu 2009, aliwasaidia kumuuguza. Alikuwa akikaa barazani na mpira wa tenisi katika mkono wa kushoto, akiuminyaminya kama daktari alivyoagiza, na mwezi Aprili mwaka huu, siku yenye jua zuri, aliurusha ghafla kwa nguvu zote alizobakiwa nazo, ukaruka ua wa miiba, ukaangukia zizini karibu na mlango. Sisipho akainuka kwenda kuuokota.

"Kaa. Si wako huo," akamwambia, kwa mdomo ambao sasa ulikuwa mzito, kisha akamgeukia MaBhele. "Shemeji, siku utakayokubali, ingia ukauchukue."

"Umeanza tena. Mimi makoti wa nyumba hii siingii humo."

"Makoti wa miaka sitini na saba! Wenzako wa rika hilo wanaingia, wanakamua."

"Wenzangu hawana deni nililonalo mimi."

Walicheka wote wawili mpaka akapaliwa, na mpira ukabaki pale, ng'ombe wakiuzunguka, na hakuna aliyethubutu kuugusa. Alilazwa tena mwishoni mwa Mei, na tarehe 9 Juni 2023, siku ya Ijumaa, saa kumi na moja alfajiri, ndugu yetu aliaga dunia hospitalini East London akiwa na umri wa miaka hamsini na sita, bila jibu alilolisubiri.

Juzi Alhamisi familia iliketi kukubaliana kitakachosomwa hapa, na MaBhele, bila kuulizwa, aliinuka, akashusha kitambaa hadi kwenye nyusi kama siku aliyoletwa, akasimulia yote haya mliyoyasikia, na akawaomba radhi wazee kwa kumdanganya baba mkwe wake. Hapo Tata Dumalisile, mdogo wake Tata Falithenjwa, mwenye miaka tisini na moja, akaanza kucheka mpaka ugoro ukamwagika mapajani.

"Makoti, kaka yangu alikuwa na kifua gani? Tulikuwa tunakaa naye pale chini nyuma ya mishubiri tunawatazama. Debe likilia ananipiga kiwiko, 'Huyu mtoto wa Msobomvu ana mkono!' Akichoka kukaa, akitaka kwenda kwake kula, anakohoa, upate kuficha mpira wako."

MaBhele alikaa chini.

"Na ule umhlonyane, Tata?"

"Aliuchukia kwa moyo wake wote. Alisema ndicho kiingilio."

MaBhele alijifunika uso kwa aproni, akacheka, halafu hakuwa anacheka tena, na alipoweza kusema alisema, "Kumbe nimemnyima Zandisile bure." Familia haina cha kumfariji kwa hilo, maana ni kweli, na inauma. Lakini alifuta uso, akasema jina lake lisomwe mbele ya watu wote, na wazee wa Jwarha wakakubali kwa sauti moja: aliyemfundisha Zandisile Mjekula ule mpira ni Nozolile, MaBhele, makoti wa nyumba hii.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole, majirani waliochimba kaburi na kupika kwa siku nane, wachezaji na makocha wenzake waliotoa basi na mablanketi, na Titshala Sontshi, ambaye asubuhi ya leo, alipoambiwa, alikwenda mwenyewe kwenye mkeka, akavua kofia, akamshika MaBhele mkono kwa mikono yake miwili.

Kaburi, kama mnavyoona, liko ubavuni mwa zizi, kando ya baba yake. Tunawaomba watakaobeba jeneza wakifika langoni mwa zizi wasimame, na nyote msimame, kwa kuwa MaBhele ataingia peke yake na kutoka na kile alichoachiwa, na ndicho atakachotangulia kukitia kaburini kabla ya udongo wetu. Pumzika kwa amani, Jwarha. Umekimbia vya kutosha, mpira unarudi.