Aliyemsemesha Mke wa Kinyozi

Benchi la mbele ya kibanda cha kinyozi halijawahi kukosa wataalamu. Wembe, mwenye kibanda, hunyoa watu huku akiwasikiliza marafiki zake watatu wakinywa kahawa: Jenereta, fundi umeme asiyezima mdomo, Kipimo, fundi cherehani, na Shahada, karani mstaafu aliyesoma kila kitu nusunusu. Asubuhi hiyo Wembe hakuwa na raha hata chembe. Mkewe alikuwa ameshafungasha, kwa sababu kamera ya sebuleni, iliyowekwa kulinda nyumba, ilikuwa imemsemesha.

— Nataka jibu leo, akasema Wembe. La sivyo narudi kwenye nyumba tupu.

— Hao ni watu wa ng'ambo, akasema Jenereta. Kazi yao kukodolea macho sebule za wenzao. Hata mkoromo wako wanauza.

— Wanamuuzia nani?

— Wenye viwanda vya magodoro. Kaa hapo unyoe tu.

Shahada akakohoa kisomi.

— Si watu. Kamera za siku hizi zina akili. Imemwona mama kila siku, imemzoea. Mwakani itakuja kuposa.

— Acheni hizo, akasema Kipimo. Nani ataingia? Si tulinunua kamera pamoja, kila mtu ya nyumbani kwake, tukaweka neno moja la siri kwenye zote, ili mmoja akisahau awaulize wenzake?

— Hapo tulitumia kichwa, akasema Jenereta.

Wembe akatulia kidogo. Angalau hawakuwa wajinga.

Mteja aliyekuwa kitini, mgeni mtaani hapo, kichwa kimenyolewa upande mmoja, akauliza kwa upole:

— Samahani, hiyo sauti ilisema nini?

Asubuhi nzima hakuna aliyekuwa ameuliza hilo.

— Ilisema, “Shemeji, gauni hilo limekupendeza,” akajibu Wembe.

— Sasa mtu wa ng'ambo atamwitaje shemeji? akauliza mgeni.

Wembe akazima mashine. Akawatazama mmoja mmoja, watu aliowaamini kuliko ndugu zake wa tumbo moja, na roho ikamuuma. Jenereta aliinama kufunga viatu. Kipimo alichungulia kikombe kisicho na kitu. Shahada akasimama, akasema amekumbuka jambo nyumbani. Wenzake nao wakakumbuka, na wote watatu wakaondoka mbiombio, simu mkononi, kila mmoja akihangaika kubadilisha neno la siri la kamera ya nyumbani kwake.

Jibu Wembe alikuwa amelipata. Ila hakujua ampelekee mkewe jina la nani.