Ng'ombe Watatu Katika Zizi la Hezroni

Kwa jina la Mola aliyeikita milima na kuziinua mbingu pasipo nguzo, na rehema zimfikie Mtume wake. Mimi ni Kassimu bin Chande, niliyezaliwa Bendera, nikasomeshwa fiqhi Pangani, nikapandishwa Chome na mapenzi ya mama yenu Saada, na Chome nitazikwa. Sikilizeni wanangu, Mbaraka na Mwamvita; sogeeni, kwani sauti yangu sasa ni kama maji ya mfereji yanayofika shamba la mwisho.

Tangu alfajiri ukungu wa mlima Shengena umeingia humu chumbani, au labda ni macho yangu. Na ndani yake nawaona watu wale walioketi Same huu ukiwa mwezi wa pili sasa, mbele ya boma la Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, kimya kama mawe ya mtoni, na jirani yetu Hezroni yumo. Mnajua kwamba amekataa kulipa kodi ya mbiru. Hamjui kwa nini uchungu wake umewazidi wenzake.

Kodi ya kichwa tuliilipa, kwa kuwa kichwa huonekana. Ilipokuja hii ya kukadiria mali ya mtu, wakaiita mbiru, neno la babu zetu, la kile walichompelekea mfumwa, mtawala wao, naye akakirudisha siku ya njaa. Watu wakauliza barazani kama ni halali. Nikasimama mimi, mwenye kilemba changu, nikasema, "Hii ni kama zaka tu, mwenye kingi atoe kingi." Wakaniamini. Kweli ulimi unauma kuliko meno! Zaka ina kiwango kinachojulikana, ina mwaka wake na wanaoistahili, na mtoaji hujihesabia mwenyewe akimcha Mola wake. Mbiru huhesabiwa na mtu anayechungulia zizi lako juu ya ua.

Wakadiriaji wakafika kwa Hezroni, wakaandika ng'ombe watano. Watatu walikuwa wangu, niliowaweka kwake kwa desturi yetu, yeye anywe maziwa, mimi nimiliki ndama. Nami nilikuwapo. Hezroni akanigeukia: "Mwalimu, kwani mtoa zaka hajitaji?" Watu wakacheka. Nikaizungusha tasbihi yangu. Akasema tena, taratibu, "Haya, labda wamejizaa wenyewe." Nikanyamaza, wanangu, nami najua hukumu ya mwenye kuuficha ushahidi.

Wewe Mbaraka umeniambia, "Baba, tukiwataja ng'ombe wetu tutakadiriwa, tukigoma watachukuliwa, mwenye nguvu mpishe." Ni kweli. Na wewe Mwamvita ukamjibu, "Na tukinyamaza, kaka, mwenzetu afungwe kwa ng'ombe wetu?" Hili pia ni kweli, na ndilo zito zaidi. Kumtii mtawala ni wajibu katika jambo linalojulikana. Lakini mauzo ya kitu kisichojulikana kipimo chake ni batili hata sokoni, sembuse barazani? Basi nalifuta neno langu.

Nikishazikwa, Mbaraka, teremka Same, usimame mbele ya karani na watu wote, useme: yule mweusi aliyevunjika pembe na wanawe wawili ni wa Kassimu, na mbiru si zaka, baba alikosea. Kisha uketi kando ya Hezroni. Usibebe fimbo, wala usimtukane askari, maana wanaotaka kuwafukuza waliogoma wanangojea jiwe moja tu lirushwe. Mwamvita, mchukulie Hezroni unga na mkeka wangu huu, na umwamkie shikamoo kwanza kabla ya neno lolote. Ng'ombe wakisalimika, gawaneni kisharia, ila maziwa ya yule mweusi ni ya Hezroni hadi yakauke. Wakichukuliwa, basi nimekufa sina ng'ombe, wala Hezroni hanidai.

Niinueni kidogo... Hapo. Wanakuja, hamwaoni? Wanapita katika ukungu, kwato zao hazitoi sauti. Watano... hapana, usiandike hivyo, bwana karani. Watatu ni wangu. Nimesema? Mmesikia nikisema?

Alhamdulillahi. Mola awabariki nyinyi mlionisikia, ayafikishe maji yenu hadi shamba la mwisho, na siku mtakapoulizwa kilicho chenu... awape ulimi... wa kujitaja.