Jina Nililoliitikia Miaka Minne

Ndugu zangu, Bwana asifiwe, asifiwe hata na sisi tunaosinzia kanisani kwa sababu nyumbani usingizi ulitukimbia! Mimi naitwa Dama Charo, wa hapa hapa Shika Adabu. Nimelitaja jina langu kwanza, na mtaona kwa nini. Kwa muda mrefu nilikuwa nikijilaza na swali moja tu: mtu akiitikia jina la marehemu, ni nani hasa anayeitika?

Mnaonijua mnajua kwamba nikifunga mlango narudi mara tatu kuutazama. Mtu kama mimi akipata swali kama hilo, amekwisha.

Nilipomaliza sekondari niliomba nafasi katika mpango unaowasomesha chuo kikuu vijana wanaotaka kuwa walimu wa shule za umma. Ukihitimu, unarudi kufundisha huku kwetu. Nafasi ilikuwa moja, na aliipata msichana wa Jomvu aliyeitwa Kadzo Nyale. Mimi nilikuwa wa pili. Nilikutana naye siku ya usaili tu. Alinikatia nusu ya hamri lake la chai. Niliporudi nyumbani nilifunga na kuomba siku tatu, nikimsihi Mungu anifungulie njia. Siku ya nne nikapigiwa simu. Kadzo ameugua kichwa ghafla, amezikwa. Njoo uchukue nafasi.

Niliruka kwa furaha! Kisha nikakaa chini, nikaanza kuhesabu siku. Alianza kuumwa siku ile ile niliyoanza kufunga.

Katika mkutano wetu wa kwanza, ofisini Changamwe, karani akaita majina. "Kadzo Nyale!" Ukumbi kimya. Akanitazama mimi.

"Dada, itika. Hiyo ndiyo nafasi yako. Jina tutabadilisha."

"Lakini huyo ni marehemu."

"Kompyuta haijui marehemu. Itika bwana, watu wana njaa."

Wenzangu wakacheka. Nami nikaitika, "Abee!"

Ndugu zangu, sote tumelelewa hapa pwani. Tangu utotoni tumekatazwa kuitika tukiitwa na mtu tusiyemwona. Hakuna aliyenikataza kuitikia jina la mtu aliyezikwa, kwa sababu hakuna aliyefikiri mtu angethubutu. Mimi nilithubutu miaka minne! Chuoni nilisoma kwa jina langu, lakini katika mikutano ya mpango niliitika kwa jina lake na kutia sahihi mbele ya jina lake. Halikubadilishwa, wala sikuuliza tena. Niliogopa nikiuliza watagutuka, nafasi iniponyoke.

Mwaka wa pili nikaanza kuitwa. Mchana kweupe, nikishuka kwenye feri Likoni, watu wamejaa: "Kadzo!" Sauti ya mwanamke, ya taratibu, kama mama anayemwita mtoto aje kula. Nageuka, hakuna anayenitazama. Mara ya kwanza nilinyamaza. Mara ya tatu ulimi ulinitangulia: "Abee!" Sauti ikakoma pale pale, kama iliyopata ilichokuwa ikikitafuta.

Katika mazoezi ya kufundisha niliandika jina langu ubaoni, nikawageukia watoto. Darasa zima likasoma kwa pamoja, "Mwalimu Kadzo." Nikageuka kuutazama ubao. Walikuwa wamesoma sawasawa.

Nikahitimu. Tukaitwa tena Changamwe kuchukua barua za kupangiwa shule. "Kadzo Nyale!" Nikasimama. "Abee!" Na kutoka mlangoni, nyuma yetu, nikaisikia ile sauti ya ferini. Ile ile!

"Mwanangu!"

Alikuwa mwanamke mwembamba, leso mabegani, simu ameinyoosha mbele yake kama taa. Nambari iliyoandikwa kwenye fomu ya Kadzo ilikuwa ya mama yake. Kwa miaka minne, kila nilipoitika, simu yake ililia kwa ujumbe huko Jomvu. Kadzo amehudhuria. Kadzo amefaulu. Kadzo, njoo na mzazi uchukue barua ya kazi.

"Niliwaambia!" alisema, akitutazama wasichana mmoja mmoja usoni. "Niliwaambia tulizika mgomba, mwanangu yu hai. Babu yake ndiye aliyemficha kwa uchawi wake. Vijana wamempa hadi Jumapili amrudishe. Haya, ameitika, nimemsikia! Yuko wapi?"

Akafika mbele yangu. Akanitazama. Akapita. Nami, ndugu zangu, niliisaini barua haraka haraka, nikaikunja, nikatoka kwa mlango wa nyuma.

Mnajua mzee aliyeambiwa maneno hayo anangojewa na nini. Nami nilijua. Siku mbili sikula. Siku ya tatu nikaenda Kisauni kuombewa. Vijana wa maombezi walinikemea mpaka wakakauka koo, sikuanguka. Kiongozi wao, Mama Riziki, akanishika mkono. "Unaitwa nani, mwanangu?"

"Kadzo," nikasema. Nikajiziba mdomo.

"Toka!" vijana wakaanza upya. Mama Riziki akawanyamazisha, akanikalisha kando, nikamweleza yote. Alipomaliza kunisikiliza alicheka kidogo, kicheko kisicho na raha.

"Unataka nikutoe mzuka, na mzuka ni wewe? Wewe ndiwe unayemtokea yule mama."

"Nikisema watanipokonya barua, mama. Nitaambiwa nimedanganya."

"Basi nyamaza. Wewe upate barua, wao wapate maiti."

Jumamosi asubuhi nilikwenda Jomvu. Nilimkuta yule mama uani pamoja na vijana wa ukoo. Kando yake palikuwa na sahani ya chakula iliyofunikwa kawa, fungu alilomwekea Kadzo, na hakuna aliyeigusa. Nikasema kila kitu, nikiwa nimesimama.

"Mwongo huyu!" kijana mmoja akaruka. "Katumwa na mzee. Amempa nini?"

Nikaomba karatasi. Nikatia sahihi ya Kadzo mbele yao, kisha nikaitoa barua niliyosainia ofisini. Wakazilinganisha. Yule kijana akaketi chini.

Mama yake Kadzo hakuzitazama karatasi. Alifumba macho. "Niitikie mara moja tu," akasema. "Nisikie. Kadzo!"

Ndugu zangu, neno lilikuwa limeshafika kwenye meno! Ingekuwa rahisi mno, na yeye angefurahi. Nikauuma ulimi. "Siwezi, mama. Kadzo mlimzika ninyi wenyewe. Mimi aliwahi kunikatia hamri lake, nikachukua na jina."

Akafumbua macho. "Wewe waitwa nani?"

"Dama."

Akalijaribu polepole, kama anayeonja chumvi. "Dama!"

"Abee, mama."

Hapo ndipo alipolia, kilio ambacho alikuwa hajakilia tangu mazishi. Kisha akaifunua ile sahani, akanisogezea nile. Jumapili babu, aliyekuwa amekimbia kuokoa maisha yake, alirudi nyumbani kwake salama, na ni wale wale vijana waliokwenda kumchukua huko alikojificha.

Jumatatu nikaenda Changamwe. Tulikuwa tukitia sahihi za mwisho. "Kadzo Nyale!" Nikanyamaza. "Kadzo Nyale!" Karani akainua macho. "Dada, leo huitiki?"

"Huyo amelala Jomvu. Mimi ni Dama Charo. Jina lake lifuteni, na ile nambari ya simu muifute."

Ukumbi mzima ulinigeukia, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi sikuwa na cha kufikiri.

Sijui kama nitapewa shule. Naliacha mikononi mwa Mungu aliyenitoa nilipokuwa nimejizika, na namshukuru, kwa maana sasa feri ina kelele za feri tu, na usiku nalala. Nawe uliyeketi hapo na neno ulilolificha, ukihesabu utapoteza nini, mwamini yeye, ulitamke. Yuko mtu pengine anayefunika sahani kwa ajili yako.

Mimi barua niliiweka mezani kwa karani, nikatoka kwa mlango wa mbele.