Dada Sayragul na Neno la Ndoto

Tarehe 30 Juni, Dada Sayragul Esenkulova anastaafu baada ya kuitumikia idara yetu ya kamusi hapa Bishkek kwa miaka arobaini na mmoja. Kumi na tisa kati ya hiyo aliimalizia kwenye neno moja, na mpaka leo anadai aliharakishwa.

Neno lenyewe ni ndoto. Sisi Wakirgizi tunasema tüsh, Wakazaki tüs, Waturuki düş. Wasakha wa kule kwenye barafu wana tüül, na Wachuvashi wa mto Volga tĕlĕk. Kwa kuwatazama watoto hao, wataalamu wamemkisia mama yao, *tüĺ, wakamtilia kinyota mbele kwa sababu hakuna aliye hai aliyewahi kumsikia. Dada Sayragul humtaja kama jirani aliyehama.

Wakati wa vita vya Wasovieti kule Afghanistan alikwenda milimani Naryn kwa mfugaji, Bibi Bübüyra, kutafuta mfano wa matumizi. Bibi alikataa katakata. Kwetu ndoto hutimia kama ilivyoaguliwa mara ya kwanza, na ukimpa mwenye ulimi mbaya umekwisha. "Andika utakavyo, mwanangu, lakini kwanza niambie ni heri." Alikuwa ameota farasi wa mwanawe, aliyekuwa vitani, amerudi bila tandiko. Dada Sayragul, msomi asiyeamini ramli, aliweka kalamu chini akasema kijana amefika nyumbani, farasi anapumzishwa. Kijana alirudi vuli ile. Dada husema ni bahati tu, ila tangu hapo hajaagua vibaya ndoto ya mtu, hata ya mkurugenzi.

Ndoto zake mwenyewe hakumwambia mtu. Alhamisi iliyopita, kwenye chai, alinigeukia mimi, ambaye ofisi nzima huniita Kunguru kwa ulimi wangu mbaya. "Ndugu yangu, nimeota madirisha ya ofisi yapo wazi, kadi zangu zote za maneno zinaruka nje. Naziita, hazigeuki." Anaogopa kwamba akitoka, kazi yake yote itapotea. Nikamwomba anisubiri hadi leo. "Usinitanie tu," akasema.

Basi Dada, sikiliza, na wote hapa wawe mashahidi. Kadi hazikupotea. Zimetangulia kujitandaza nyeupe njiani, kutoka mlango huu mpaka kwenu, ziwani Son-Köl. Anayesafiri tunamwombea njia nyeupe, yaani ya heri; wewe umeoneshwa yako kabla hujaondoka. Asante kwa kila neno, na tunakutakia maisha mema. Nimekwisha kuagua, haibadiliki tena.